Siku Niliyodaka Nywele za Gogo

Jamani, hii habari naisimulia uso nimeuinamisha, na mkicheka nitawaelewa, maana hata mimi ningecheka kama si mimi niliyekuwa pale sakafuni na nywele za mama wa watu mkononi.

Mnajua nilikuwa mlinzi Randburg, hapa Johannesburg, mpaka gari liliponigonga nikivuka kwenye robot (ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani), mguu wa kushoto ukakatwa juu ya goti. Sasa pale Turffontein kuna ukumbi tunakofanyia mazoezi sisi ambao viungo vimetugomea, kila mtu na lake, tunavalishwa miwani mikubwa inayoziba macho yote, ukishaivaa unajikuta dunia nyingine kabisa, wengine wanachuma matunda, wengine wanapiga makasia, mimi nikawa kipa. Siku hiyo mke wangu, Mama Neema, alikuja kunitazama kwa mara ya kwanza, na Thandi anayetusimamia akaniambia, "Papa, funga mkanda wa kiti." Nikamjibu sharp, sharp, yaani sawa, halafu sikufunga (ulikuwa unanibana tumbo, na mbele ya mke wangu sikutaka kuonekana nimefungwa kama mzigo).

Mpira wa kwanza nikadaka, wa pili nikadaka, uwanja mzima unashangilia masikioni mwangu, nikasahau ukumbi, nikasahau kiti, mwingine ukaja kushoto, juu, nami nikainuka kuurukia kwa miguu yote miwili. Miwili! Nikaenda chini kama gunia, nikamwangukia Gogo (ndivyo huku wanavyomwita bibi), mama mmoja mzee aliyepooza mkono, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake, na kitu laini kikabaki mikononi mwangu, nikakikumbatia, nikapiga kelele, "Nimedaka! Mama Neema, nimedaka!"

Thandi akanivua miwani. "Eish, Papa," akasema taratibu. Nilikuwa nimekumbatia wigi, na Gogo anajaribu kufunika kichwa chake kisicho na nywele kwa ule mkono mmoja unaomtii, na mkono mmoja hautoshi.

Mama Neema (yeye ni msusi) akalichukua wigi, akalichana kwa vidole, akamvisha Gogo polepole, akamwekea sawa nywele za mbele kama anavyofanya kwa mteja. Ndipo akaja kupiga magoti kando yangu.

"Papa Neema, umeumia wapi?"

"Mguu."

"Upi?"

Nikamwonyesha ule usiokuwepo, nikaanza kulia mbele ya watu wote, mimi niliyekuwa nikiwaambia wenzangu kanisani kwamba nimeshazoea.

"Na mimi hadi leo nakusikia unapanda ngazi ukitoka kazini," akaninong'oneza. "Kwa miguu miwili."

Gogo nilimwomba msamaha, akanigusa bega, lakini wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja. Ukipa nimeuacha, sitaugusa tena maishani, na mtu akiniuliza kama nimezoea, namwambia bado.