Fidia ya Kinamasi

Neno lile nililichagua mimi. Kwa miaka mitatu nimedai kwamba kamati ndiyo iliyonipa, na nilipobanwa zaidi nikasingizia kompyuta. Ni mimi, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea.

Kanisa letu la Brooklyn Center, huku ughaibuni, lilitaka pakingi ya magari. Nyuma ya jengo palikuwa na kinamasi kidogo, na sheria ya hapa hairuhusu kufukia kinamasi hivihivi. Kwanza ununue sehemu ya kinamasi kingine, kilichotengenezwa mbali huko kaskazini na kuwekwa tayari kwa wenye haja kama sisi. Mahali hapo panaitwa benki. Karatasi zilikuwa za Kiingereza kigumu, nikaombwa niwaeleze waumini kwa Kiswahili.

Tunanunua nini hasa? Nikaandika "fidia". Nikajiona hodari.

Sasa jaribu kusimama mbele ya Wakristo siku ya Jumapili useme fidia imelipwa. "Amina!" Mama mmoja akaanzisha wimbo. Nani ahoji fidia, neno la msalabani? Nami nikapiga makofi.

Aliyehoji ni mwenzangu wa kwaya, muuguzi, aliyezoea kula chapati zake ukingoni mwa kinamasi baada ya ibada. Alinivuta mkono hadi kwenye majani mekundu yaliyojikunja kama vikombe, yamejaa maji ya mvua. Nzi alitua mdomoni mwa kikombe, akateleza, hakutoka tena.

"Haya yako kule benki?"

"Kule kuna nyasi na bata."

"Nimekuuliza haya, profesa."

"Hayapo."

"Basi fidia gani hiyo? Kibali cha kufukia bado hakijatoka. Waambie neno lilikuwa la uongo, wataghairi."

"Neno ni la kamati, dada."

Alinitazama, kisha akakitazama kile kikombe. "Huyu naye alidhani anakunywa maji tu."

Sikuwaambia. Niliandika makala tamu kuhusu mimea inayokula wadudu, nikasifiwa na watu ambao hawakuwa na kura kanisani kwetu.

Kisha mchungaji akapiga simu.

"Mama, Bwana asifiwe! Kibali kimetoka. Tingatinga linaingia Jumatatu."

"Asifiwe," nikasema.

"Tunatengeneza bango la getini, na lile neno lako zuri kwa herufi kubwa. Hebu nitajie herufi, nisije nikakosea."

Nikamtajia, moja moja, mpaka A ya mwisho.