Ndege Walionifuata Hadi Malka

Nilinunua baiskeli nikiwa na miaka hamsini na mmoja, na mji mzima wa Garsen ukapata la kusema. Ilikuwa ya mitumba, yenye tairi pana za meno, iliyoundwa kwa ajili ya changarawe na njia mbovu, na njia mbovu ndizo tulizo nazo. Walimu wenzangu waliniuliza kama natafuta chombo cha kuikimbia ndoa. Mimi si mtu wa kunyamaza. Niliwajibu kwamba mume wangu ndiye aliyenishikia kiti siku ya kwanza, na kwamba wao waendelee tu kunenepa vitini.

Mwaka huo mto ulikuwa umevunja kingo ukakaa mashambani kwa wiki nyingi. Ghala la mama yangu, kijijini upande wa Kilelengwani, lilichukuliwa na maji pamoja na mpunga wote. Mbegu yake ni ya ukoo, punje ndefu yenye wekundu, aliyoachiwa na mama yake, naye akaachiwa na wake. Iliyosalia duniani ilikuwa kiroba kimoja alichonipa nimtunzie mjini, juu ya kabati. Maji yanapojitoa, wakulima wetu huyafuata nyuma wakipanda kwenye tope linaloachwa, na tope halimngoji mtu. Mama akapiga simu.

"Lete mbegu Jumamosi," alisema. "Ni hiyo tu."

Nilifunga kiroba kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu kuukuu, nikaondoka asubuhi na mapema. Niliiacha lami ya kwenda Lamu nikaingia njia ya udongo na kokoto, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Nimezaliwa huku. Nimepita njia hii mara nyingi nikiwa ndani ya gari, nikiona vumbi na kisogo cha abiria wa mbele. Sikuwahi kujua kwamba ni nzuri hivi. Kila penye bonde palikuwa na ziwa jipya lililoachwa na mafuriko, na kila ziwa lilikuwa na mambo yake: hili limejaa yungiyungi, lile lina miti ya mikoma iliyosimama majini hadi kiunoni, jingine lina viboko watatu waliotoa masikio tu na kunitazama kama wakaguzi wa shule. Maji yalikuwa yametulia hata mawingu yalionekana ndani yake. Nilisimama mara kadhaa bila sababu. Nilisema "Ee Mungu" kwa sauti, mtu mzima, peke yangu barabarani.

Nikapita kijiji ambapo wanawake walikuwa wakianika samaki juu ya nyavu kuukuu. Wakaacha kazi kunitazama.

"Mama, kuna msiba?" mmoja aliniuliza, maana hakuona sababu nyingine ya mwanamke wa umri wangu kukanyaga pedali kwa kasi ile.

"Hakuna! Napeleka mbegu!"

"Haya, usianguke!"

Baada ya kijiji hicho ndipo ndege walipoanza. Kwanza tetere wawili, wakatua njiani nyuma yangu. Kisha mnana, kundi zima la manjano, wakiinuka na kutua, wakiinuka na kutua. Nikienda, wanakuja. Nikipunguza mwendo, nao wanapunguza. Machozi yalinilengalenga. Niliamini, na sioni haya kukiri, kwamba asubuhi ile nimekubaliwa na kitu kikubwa kuliko mimi. Nikaanza hata kuimba wimbo wa kanisani, nao wakazidi kuwa wengi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye malka. Malka ni njia pana ambayo sisi wakulima huwaachia wafugaji ili ng'ombe wao washuke kwenye maji, katikati ya mashamba. Sharti lake kila mtu analijua: kilichoota ndani ya malka ni cha ng'ombe. Ukipanda humo umewapandia wao, na mwenye ng'ombe haulizwi. Watu wa kwetu na wafugaji wameshaumizana vibaya kwa ajili ya mipaka kama hiyo, kwa hiyo nilishuka, nikasimama kando ya ziwa kuwapisha ng'ombe. Walikuja mamia, weupe, pembe juu, wakinusa maji, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikatazama tu.

Mfugaji wao, mtu wa makamo mwenye kikoi na fimbo begani, alinisalimia, akaniuliza hali ya nyumbani, nami nikamuuliza ya mifugo. Kisha akaelekeza fimbo nyuma yangu.

"Mama, hii ndege yote inafuata wewe. Unajua kwa nini?"

"Ni baraka," nilimjibu kwa majivuno.

"Hapana. Inakula. Mfuko yako iko na tundu."

Niligeuka. Kiroba kilikuwa kimesuguana na tairi njia nzima, na uzi mwembamba wa mpunga ulikuwa ukitiririka bado. Nilipagawa. Nilikifungua haraka ili nikigeuze, nikakishika upande usiofaa, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikamwagika kwenye tope, katikati ya kwato. Nikakaa chini nikalia. Nilimweleza yule mgeni kila kitu, ghala, mama, bibi, punje nyekundu. Alisikiliza, akainama, tukaokota tulichoweza. Vilipona vibaba vinne.

Nilipofika kijijini nikamsimulia mama yote. Aliutazama ule mfuko, kisha akanitazama mimi.

"Ndege walishiba?"

"Walishiba, mama."

"Basi tupande iliyobaki."

Afadhali angenigombeza. Tulipanda kipande kidogo kama chumba cha kulala, na mpunga ukaota vizuri. Baada ya miezi miwili akapiga simu. Viboko walikuwa wameingia, wakala hadi shina la mwisho. "Imekwisha," alisema. Nilikaa na simu mkononi, nikajua kwamba kitu kilichovuka mikono ya wanawake wote wale kimefia kwenye keria yangu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli nikaenda kumwona mama. Safari hii sikutazama maziwa. Nilipofika kwenye malka nikakuta, kando ya maji, ua wa matawi ya miiba. Ndani yake mpunga ulikuwa umesimama hadi magotini, kijani, mzito, mahali palepale nilipomwaga. Ng'ombe walikuwa wakishuka, na yule mfugaji alikuwa mbele ya ua, akipiga mluzi, akiwagawa: hawa kulia, hawa kushoto. Mamia ya ng'ombe wenye kiu walikuwa wakiuzunguka mpunga wa mama yangu.

"Lakini hii ni malka," nilimwambia. "Hii ni haki ya ng'ombe wako."

"Ng'ombe iko na majani mingi," alisema. "Mama yako iko na hii tu."

Ulipokomaa, mama alikuja mwenyewe na kisu chake. Mfugaji aliondoa miiba kwa mikono yake. Mama alikata suke moja moja, polepole, akigeuza kila moja kwenye jua kuhakikisha wekundu wake, na sikumbuki kumwona amefurahi hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilimsogezea baiskeli. Alinitazama, akatazama keria, akaifunga mbegu ndani ya leso na kuiweka kichwani.

Pembeni, upande wa maji, alikuwa ameacha kipande kilichojaa masuke. Nilidhani hakukiona, nikachukua kisu.

"Acha," alisema. "Hii ni malka."

Akamwita mfugaji, akamwonyesha kwa kidole. Yule bwana akapiga mluzi. Ng'ombe wa kwanza aliinamisha kichwa, na sisi watatu tukasimama kando tukimtazama akila.