Cheti cha Mzee Mansuetus

Mzee Mansuetus wa Mbamba Bay alikwenda vita vya Burma na macho mawili, akarudi nayo yote mawili, kwa hiyo wakubwa hawakuona anadai nini. Bomu lililomlipukia usoni halikung'oa kitu. Lilimwachia tu ule ugonjwa ambao tabibu wa misheni aliuita presha ya macho, unaokula nuru kutoka pembeni, kidogo kidogo. Kufikia 1973 ulikuwa umemaliza kula. Alichotaka mzee ni pensheni ya ulemavu, asilishwe na mkewe Hedwiga kama kinda mpaka kufa.

Mwaka huohuo kijiji kilikuwa kimeamua kufuta ujinga. Mwenyekiti Nazari aliahidi wilayani kwamba hatabaki mtu hajui kusoma, akiwemo asiyeona.

"Shikamoo, mzee. Usituangushe," alimwambia.

Askari haulizi amri. Hedwiga alimsomea kitabu cha uvuvi huku akianika usipa, vidagaa vya ziwani, naye akakimeza chote, hata mahali pa kufunua ukurasa. Siku ya mtihani alisimama wima, akasoma bila kukwama. Mkaguzi akampa cheti. Nazari akapigiwa makofi.

Madai yalipotumwa Mbinga, Nazari, kwa wema wake usio na dawa, alikibandika cheti kwenye faili, wilaya ijue mzee ni raia bora.

Baadaye mzee aliitwa. Karani wa madai, Bwana Shemdoe, mtu wa Tanga, alikuwa na adabu zote.

"Shikamoo, mzee wangu. Tabibu anasema huoni. Cheti kinasema unasoma vizuri sana. Nimwamini nani?"

"Marahaba. Nilikariri, bwana. Mke wangu alinisomea."

"Kwa hiyo kijiji chenu kilidanganya mtihani wa serikali? Niandike hivyo?"

Mansuetus akayakumbuka yale makofi. Akaona kijiji kizima kikirudishwa ujingani kwa sababu ya macho yake.

"Usiandike," alisema.

Shemdoe akaandika barua ya kukataa madai, akamkabidhi. Mzee aliishika kwa mikono miwili, juu chini. Karani akaigeuza taratibu, akailaza mezani, akampa kalamu, kisha akamshika mkono na kuuongoza mpaka mwisho wa karatasi.

"Weka sahihi hapo, mzee, kwamba umesoma na kuelewa."