Shangazi na Mshale wa Kushoto

Kuna programu moja ndogo kwenye laptop yangu ambayo naipenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu, na wala sioni haya kusema. Haina menyu, haina mapambo. Unafungua picha, inajaa kioo chote, basi. Mshale wa kulia, ukurasa unaofuata. Mshale wa kushoto, unarudi. Alama ya kujumlisha, maandishi yanakua. Kipanya hukigusi kabisa.

Nafanya kazi masjala, hapa Kibaha, na siku hizi kazi yenyewe ni kuskani majalada ya zamani na kuyakagua ukurasa kwa ukurasa. Wenzangu wanatumia liprogramu likubwa ambalo ukilifungua unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi bado linafikiria. Mimi subira hiyo sina, sikuzaliwa nayo. Dada wa TEHAMA aliponiwekea hii ndogo kwenye laptop yangu chakavu nilimwombea dua palepale. Wenzangu wakanicheka, eti mama anapiga kinanda. Wacheke tu, saa nane mimi nimeshamaliza.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alihamia kwangu Tumbi macho yalipoanza kumsumbua, ili awe karibu na kliniki. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda, na la pili daktari alisema wazi kwamba linakwenda. Shangazi hakulia. Jioni ile ile aliniuliza, "Lile daftari la baba unalo wewe?"

Nilikuwa nalo. Babu yangu wa Kibuta aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wengi wa rika lake, na daftari lake lilinifikia baba alipofariki. Nililiweka kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, maana kulisoma siwezi. Madrasa niliikimbia mapema mno. Shangazi yeye alisoma madrasa mpaka akafundisha wenzake, ila daftari hili alikuwa hajawahi kulishika hata siku moja.

Sababu yake tuliijua wote. Mama yake alifariki akimzaa yeye, na babu akampeleka mtoto Chole kwa mama yake mdogo. Kibuta alikuwa anakuja Idi kwa Idi, kama mgeni. Idi moja, yeye akiwa na miaka kama minane, kaka yake, yaani baba yangu, alifungua daftari la mzee kwa siri, akamsomea kwa kujigamba: "Mtoto yuko Chole. Mimi nalea." Kisha akaangua kicheko. "Umesikia? Baba anasema anakulea! Amekulea lini wewe?"

Watoto hao. Baba alisahau siku ile ile, lakini shangazi hakusahau. Kutupwa angemsamehe mzee, alisema, maana mwanaume mwenye kichanga na shamba angefanya nini? Ila kuandika kwamba analea, huku halei, huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Babu alipofariki shangazi hakutia mguu matangani. Hitima zote za Kibuta tukimwambia twende, jibu lake ni moja: "Mimi Kibuta sina baba."

Sasa jicho linaaga, na alitaka kuuona uongo huo mwenyewe, kabla hajalazimika kusomewa na watu kila kitu.

Kwenye karatasi hakuweza. Wino umefifia na herufi ni ndogo kama mbegu za mchicha. Basi nikalichukua daftari, nikaliskani lote. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu, pengine tangu enzi za babu mwenyewe. Nikazitenganisha kwa kisu cha siagi, nimebana pumzi.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, nikamweka shangazi mbele ya laptop. Nikabonyeza alama ya kujumlisha mpaka neno moja likajaa nusu ya kioo. Akasogeza uso. "Alhamdulillahi," akasema, "namwona baba anaandika." Nikadhani kazi imekwisha. Loo!

"Nenda mbele," akasema. Nikabonyeza mshale wa kulia. Akasoma kidogo, akanuna. "Mbele, nimekwambia." Nikabonyeza tena. "We mtoto, hapa mzee anavuna mpunga ambao hajaupanda! Unanisomesha kinyumenyume kama mchawi!"

Nikapandisha hasira. Nikamwambia shangazi, hii ni kazi yangu, mbele naijua mimi. Akanijibu kwamba ndiyo maana ofisini kwetu majalada hayaonekani. Tukanuniana pale kama dakika tano, watu wazima na akili zetu, kabla sijagundua upumbavu wangu. Kitabu cha herufi zile kinaanzia upande wa kulia. Mimi kwa mazoea ya masjala nilikiskani kuanzia jalada la kushoto, yaani mwisho wake. Mbele yangu ilikuwa nyuma yake.

"Haya, toka," akasema. Nikamfungulia picha ya mwisho, ambayo ndiyo mwanzo wa daftari. Akauliza mshale wa kushoto uko wapi, nikamwekea kidole juu yake. Kuanzia hapo sikugusa kitu. Kipanya asingekiweza kwa mkono ule unaotetemeka, lakini kitufe ni kitufe tu. Kushoto, kujumlisha, kushoto. Nikaenda kuchambua mchele, namsikia anacheka peke yake na ng'ombe wa babu waliokufa kabla sijazaliwa. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Kisha akaniita.

"Nimeufikia ule uongo," akasema. Nikaacha ungo, nikaenda. Akasoma kwa sauti kavu, kidole kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa: "Mtoto yuko Chole. Mimi nalea." Akashusha pumzi. "Basi. Kaka hakunidanganya."

Nikamwambia tuzime, tukapumzike. Lakini kidole kilikuwa kimeshazoea, kikabonyeza mshale wa kushoto. Ukatokea ule ukurasa uliokuwa umegandana, ambao baba yangu hakuweza kuufungua. Shangazi akasoma mstari wa juu, akarudi nyuma, akasoma ule wa chini, akaenda tena mbele. Nilihesabu mara nne.

"Hizi herufi," akasema taratibu, "alama ya chini ni moja. Ukitaka unasoma e, ukitaka unasoma i. Mwenye kusoma anajua kwa maneno yanayofuata."

"Yanafuata maneno gani, shangazi?"

Akasoma kwa kuunganisha kurasa mbili, na sauti ile kavu haikuwepo tena: "Mtoto yuko Chole. Mimi nalia, hata nikiwa shambani. Nikiulizwa nasema ni moshi."

Nilimshika bega tu. Miaka sitini na kitu, kwa alama moja ya chini! Nikamkasirikia marehemu baba yangu, Mungu anisamehe, kisha nikamhurumia, maana alikuwa mtoto anayejisifu kwamba amejua kusoma.

Shangazi alikuwa analia kwa macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona. Akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya neno.

"Na mimi kule Chole nilikuwa nalia," akasema. "Mama mdogo akiniuliza, nasema nimeumwa na siafu."