Mwanga wa Darubini ya Selina

Pius ni kaka yangu wa tumbo moja, na bado nasema hadharani: kwa Selina alitaka kufanya uhuni.

Selina ni wifi yangu, mjane wa kaka yetu mkubwa. Miaka yote hii, kila jioni, hupanda jiwe kubwa la hapa Luchelele kulinda vizimba vya samaki aina ya sato vya kikundi chetu kule ziwani. Wezi hawaji mchana. Huja wakati wa magharibi, maji na mtumbwi vikiwa rangi moja. Yeye huwaona kwa darubini yake nzito iliyobanduka rangi, hupuliza filimbi, na wanaume wanaingia majini. Anakula kwa kazi hiyo, na kwa kazi hiyo hakuna anayethubutu kumwambia arudi kwao.

Basi Pius, mwenyekiti wetu, akaenda mjini akarudi na darubini mpya, ndogo, inang'aa.

"Hii inavuta mara ishirini," akajigamba. "Ya shemeji mara saba tu! Kuanzia sasa atalinda huyu kijana wetu Ngosha. Shemeji apumzike, amezeeka."

Apumzike! Nani alimwambia amechoka?

Selina hakulia. "Umeijaribia wapi, shemeji?"

"Mlangoni pa duka. Nilisoma bango la ng'ambo ya barabara, herufi moja moja."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana hata chupa ya soda inaonyesha. Twende jiweni jioni."

Tukapanda. Mwenzetu Tereza alikuwa kwenye mtumbwi kando ya vizimba, akiinua mabeseni ya rangi tofauti, moja moja, ili walio jiweni wataje rangi. Jua likiwapo, Ngosha na ile darubini mpya alishinda vibaya, mpaka maua ya kitenge cha Tereza aliyataja. Pius akacheka mpaka akakohoa.

Jua likazama ng'ambo ya ghuba. Ngosha akaanza kusugua macho.

"Njano," akasema Selina. "Ameliweka. Sasa nyeupe."

"Mimi naona giza tu, mama," akasema Ngosha.

Nikachungulia zote mbili mwenyewe. Ile mpya ilileta kizimba karibu kweli, lakini cheusi, kama ndani ya chungu. Ya Selina haikukisogeza sana, ila kamba na maboya vilionekana. Vioo vyake vya mbele ni vipana, vinakusanya mwanga, na kwa kuwa haikuzi sana, mwanga huo unafika jichoni ukiwa mwingi. Nikapiga kigelegele. Nilijua tumemaliza.

Kumbe!

"Sawa," akasema Pius. "Tumeona kinachoona ni darubini, siyo mtu. Shemeji, mpe Ngosha hiyo ya zamani."

Jamani, damu ilinichemka! Nilitaka kumvaa palepale, kaka au si kaka. Lakini Selina alikuwa ameshauvaa mkanda wa darubini shingoni.

"Hii siyo ya kikundi, wala siyo ya marehemu," akasema. "Niliinunua kwa dagaa nilizoanika kwa mikono hii. Anayetaka mwanga wake atanikuta nayo hapahapa."

"Mwenyekiti, mimi simo," akasema Ngosha, akashuka zake.

Selina akaketi juu ya jiwe, akatugeuzia mgongo, akaendelea kutazama vizimba. Pius akasimama nyuma yake akisubiri ainuke.

Asubiri tu.