Hapana ya Kaka

Kaka yangu alipopigwa na kiharusi alikuwa juu ya stuli dukani kwetu Kariakoo, anashusha jora la kitenge. Ilikuwa miaka ya ruksa, mali imerudi madukani, na sisi wawili tulikuwa na upenyo mwembamba kati ya muuza mabeseni na Mwarabu wa viatu. Alishuka polepole, akaketi juu ya jora, akanitazama.

"Vipi, kaka?"

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana." Mdomo ulikuwa umeshuka upande wa kulia.

Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinieleza, nikamwomba anieleze tena. Kitu nisipokihesabu mara mbili sikiamini. Alisema kwa watu wengi maneno hutegemea upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana maneno na mkono vimekwenda pamoja.

"Huyu akili anayo," alisema. "Anakuelewa, na anajua anachotaka kusema. Ila neno halimjii, au linakuja lisilo lake."

"Yaani stoo imejaa, ufunguo ndio haupo?"

"Kama hivyo. Usimpigie kelele, si kiziwi. Na usimmalizie sentensi."

Tulipomrudisha nyumbani Magomeni nilihesabu alichobakiwa nacho. Al-Fatiha alikuwa nayo yote, ukimwanzishia. Namba alikuwa nazo, ukianza naye kwenye moja. Watoto wakimwamkia, alijibu marahaba, safi kabisa. Daktari alikuwa amenitahadharisha: yaliyokaririwa tangu utotoni mara nyingi hupona, lakini kumwambia mtu "nipe maji" ni kazi nyingine. Zaidi ya hayo alikuwa na neno moja tu, hapana, na alilitumia kwa kila kitu, hata uji alioupenda.

Miezi ilipita, akaanza kuja tena dukani, anakaa kitini. Sitajipamba hapa: nilimtumia. Mteja anashika kitenge, anataja bei, kaka anasema, "Hapana." Mteja anaongeza. "Hapana." Anaongeza tena.

"Mzee wangu, umeamkia upande gani leo?" mmoja alimuuliza. "Toka nimeingia ni hapana tu!"

Mimi nakunja mali, natazama pembeni. Sikuwahi kuona mtu anayesimamia bei vile, Kariakoo nzima.

Mpaka siku alipokuja mteja wake wa zamani, mama muuza maandazi. Alitaja bei ya haki, wala hakuwa na zaidi. Kaka akasema hapana. Yule mama akarudisha kitambaa taratibu, akatoka. Kaka akamnyooshea mkono wa kushoto, "Hapana! Hapana!" na yule mama akazidisha mwendo, kama mtu anayefukuzwa. Kaka akalia palepale kitini. Nilimkimbilia mama yule mpaka kona ya pili nikampa kitambaa chake, na tangu siku hiyo bei nilizisimamia mwenyewe.

Mwaka uliofuata binti yake, wa pekee, akaposwa na kijana fundi redio. Wazee wetu wakakaa barazani wakaamua: baba hawezi kutamka, basi baba mdogo ataozesha. Nilikubali upesi, hata kanzu nilishaichagua. Kaka akasema, "Hapana."

Wakamtazama kwa huruma. "Ndilo neno lake hilo," mmoja akasema. "Tuendelee."

Binti akaniita uani. "Baba mdogo, ile hapana ni ya ugonjwa au ni ya baba?"

Nikashika kanga iliyoanikwa kambani, nikaanza kuikunja.

"Baba yupo hai, kakaa palepale, halafu niozeshwe na mwingine? Watu watasema hakuridhia. Na mimi nitajuaje kama karidhia?"

Nilirudi barazani wazee walipokwisha kuondoka, nikaushika mkono wa kaka ulio mzima, wa kushoto. "Kaka, ukitaka kuozesha mwenyewe, nibane. Ukitaka niozeshe mimi, niachie."

Akanibana. Nikaligeuza swali. "Sasa, ukitaka niozeshe mimi, nibane."

Akauachia mkono wangu kama kaa la moto. Kanzu yangu nikairudisha sandukuni.

Nilimwendea shehe. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema asiyeweza kutamka, ishara yake ikieleweka ni kauli yake. Ila lazima mashahidi nao waielewe.

Siku ya ndoa, baada ya alasiri, kaka aliketi mkekani kumkabili bwana harusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani. Akatoa wa kushoto.

"Kushoto?" mjomba wa kijana akanong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwenye ndoa?"

Kijana akaurudisha mkono wake wa kulia, akatoa wa kushoto. "Leo na mimi wa kushoto, baba."

Shehe akawaeleza watu jambo lenyewe, kwamba kubana ni ndiyo na kuachia ni la, kisha akauliza kwanza swali la kupima. "Unamwozesha binti yako huyu mzee aliyekaa mlangoni?"

Vidole vya kaka vikalegea. "Hapana." Watu wakacheka, mzee wa mlangoni zaidi ya wote.

"Unamwozesha kijana huyu uliyemshika?"

"Hapana," kaka akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake ndani.

Kicheko kikakatika. Mjomba wa kijana akaanza kuinuka. Sikumtazama; nilitazama mkekani.

"Anabana," bwana harusi akasema. "Shehe, ananibana kwelikweli."

Mashahidi wawili wakainama. Vidole vya kijana vilikuwa vimekuwa vyeupe kwenye ncha. Shehe akauliza tena, polepole. "Hapana," kaka akasema, jasho likimtiririka shavuni, na mkono haukulegea. Shehe akawauliza mashahidi kama wameona. Wakasema wameona. Ndipo akayasoma maneno ya kuozesha kwa niaba ya mkono ule, na kijana akajibu kwamba amekubali.

Nilipoingia ndani, binti alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hina bado mbichi mikononi.

"Nimesikia hapana," akasema.

"Ulikuwa unamsikiliza mdomo. Mimi nilikuwa namtazama mkono. Baba yako amekuozesha."

Akakaa chini. Wanawake wakataka kupiga vigelegele, akawazuia kwa kiganja. "Mwiteni baba kwanza," akasema. "Aje anishike na mimi."