Abiria wa Ziada

Nimekuwa mtunzi wa michezo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, ile michezo ya mezani yenye ubao, dadu na kanuni, na sijawahi kutunga hata mmoja ambao mke wangu hakuiba ndani yake. Nasema kuiba kwa sababu ndilo neno lenyewe. Yeye anasema anacheza.

Kazi hii niliianza utotoni, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia na ambako nilizaliwa. Tulichora viwanja chini kwa vijiti, tukapanga vizibo vya soda, na kwa kuwa sikuwa na mbio wala mabavu, wenzangu walinipa kazi ya kuamua nani kashinda. Niliipenda mno. Tuliporudi Burundi na kukaa Rumonge nilijifunza kuandika mabango ya maduka, na vipande vya mbao vilivyobaki nikavichora michezo. Vijana wa kwaya walinunua. Vinyozi walinunua, ili wateja wasikasirike wakisubiri. Kidogo kidogo mabango yakawa kazi ya pembeni, na majirani waliponisikia nabishana peke yangu na dadu kibarazani walipita wakisema, "Muzee iko kazini."

Mke wangu alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na bado anauza. Tulipooana nilimletea mchezo nilioupenda kuliko yote niliyowahi kutunga, kama mwanamume mwingine angeleta kitenge. Uliitwa Barabara ya Ziwa. Ubao una njia inayotoka Bujumbura, inapita Magara, Minago na Rumonge, na kuishia Nyanza-Lac. Kila mchezaji ana basi dogo la mbao. Anatupa dadu, anasogea, na kila kituo anapakia abiria kwa kadiri ya dadu ilivyosema. Abiria walikuwa maharage. Anayefika Nyanza-Lac na abiria wengi kuliko wote ndiye mshindi. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa.

Mke wangu alielewa haraka kuliko mtoto wa shule ya msingi. Tulipofika Nyanza-Lac basi langu lilikuwa na abiria wa kutosha, na lake lilikuwa limefunikwa kabisa kwa maharage, huwezi hata kuliona.

"Hawa wote umewapakia wapi?" nikamuuliza.

"Njiani."

"Njiani wapi? Mimi nilikuwa natazama."

"Ulikuwa natazama dadu. Mimi niko natazama bantu wanasimama kando ya barabara wanachoka."

Jikoni, kwenye sufuria, maharage ya chakula cha jioni yalikuwa yamepungua.

Mwingine angecheka yakaisha. Mimi nilikaa nikafikiri kama fundi ambaye ukuta wake umepata ufa. Nikaondoa maharage, nikaweka kokwa za michikichi nilizozipaka rangi ya bluu. Nilisahau kwamba mama mkwe wangu ana michikichi kule Kizuka, na kwamba kopo la rangi ya bluu nililiacha uani bila kifuniko. Nikamwendea seremala anichongee abiria wadogo wa mbao, wenye vichwa. Seremala akanichongea vizuri sana, kisha akamchongea na mke wangu. Nilipomlalamikia, alinishangaa. "Lakini yeye alisema ni wa kwako," akaniambia, "na alilipa na ndagala."

Basi nikaamua kuacha vitu vya kushikika. Wakati huo vijana fulani wa Bujumbura wanaotengeneza michezo ya simu walikuwa wamenitafuta niwapangie kanuni, na tukaihamisha Barabara ya Ziwa kwenye simu. Nilirudi Rumonge nikitembea kama waziri. Simu haina sufuria, haina seremala. Kila siku mchezaji anapewa mafuta ya basi ya safari moja, akimaliza asubiri kesho. Nikaipakia kwenye simu ya mke wangu na kumwambia, "Sasa tuone."

Alichofanya ni kusogeza tarehe ya simu mbele. Alipata mafuta ya kesho, na ya kesho kutwa, na ya siku iliyofuata. Hakuirudisha. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Kizuka kukaa nasi, aliamka siku ya Alhamisi, akaomba asomewe siku kwenye simu ile, akasomewa Jumapili, akavaa imvutano zake nyeupe, zile nguo za kujitanda za ibada, akajifunga kilemba na kwenda kanisani. Alirudi baada ya muda mrefu, uso umekunjamana.

"Mukwe wangu," akaniambia, "inchi imeharibika. Kanisa iko tupu. Nimekuta tu mwanaume mumoja na ufagio, na yeye pia anasema hakuna ibada."

"Leo ni Alhamisi, mabukwe."

Alimgeukia binti yake. Binti yake alikuwa anachagua ndagala kwa bidii kubwa sana.

Hapo ndipo nilipourudia ubao na kubuni abiria wa vifungo. Nilizunguka soko la Rumonge nikakuta muuzaji mmoja ana vifungo vya kijani vya aina ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote, vinene, vyenye duara la dhahabu pembeni. Nikanunua vyote. Nikamuuliza mara mbili kama ataleta vingine, akaapa kwamba hata yeye hajui vilitoka wapi. Niliviweka kwenye kasha, nikalitia kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni chini ya shati. Mke wangu aliutazama ufunguo, akanitazama, akarudi kwenye ndagala zake.

Wiki hiyo hiyo alitokea na gauni jipya. Lilikuwa na vifungo vya kijani kuanzia shingoni hadi magotini, vinene, vyenye duara la dhahabu. Alikuwa amefika kwa yule muuzaji kabla yangu, kwa ajili ya mshonaji wake tu, na mimi nikanunua vilivyobaki. Nakiri nilikaa chini.

"Iko nzuri?" akaniuliza, akizunguka.

"Iko nzuri," nikasema, kwa sababu kweli lilimpendeza.

Sasa, katikati ya vita hivyo, ikaja barua pepe kutoka ofisi moja ya Bujumbura inayoshughulika na watoto wa shule. Walikuwa wanatafuta mchezo wa kufundisha uaminifu. Mimi! Nilifurahi mpaka nikapiga hesabu ya rangi nitakazonunua. Niliongeza kwenye Barabara ya Ziwa vituo ambapo abiria amesahau mzigo: dereva akiurudisha anasogezwa mbele, akiuficha anarudi Magara. Wakasema atakuja madamu mmoja kuujaribu, na angependa kucheza na familia ya mtunzi.

Nilimwomba mke wangu. Sikumwamuru, nilimwomba, tena kwa sauti ya chini. "Mama watoto, siku moja tu. Huyu madamu anatafuta uaminifu."

"Ataipata," akasema. "Niko hapa."

Madamu alifika asubuhi, mwanamke mrefu mwenye miwani na kalamu mbili. Alisalimia amahoro kila mtu, pamoja na kuku. Tukampikia samaki wa mukeke wa kukaanga na bugali, tukaweka ubao katikati ya meza na kasha la vifungo wazi kando yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe alisema chakula na mchezo vinaenda pamoja, tukaanza kucheza huku tunakula. Walicheza watatu: madamu, mama mkwe na mke wangu. Mimi nilikuwa mwamuzi, kama zamani.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni lile.

Magara ilipita salama. Minago niliona kifungo cha juu cha gauni hakipo. Nilimtazama, akaniongezea samaki. Tulipoikaribia Rumonge gauni lilikuwa limebaki na vifungo nusu, na kitenge alichovaa ndani kinaonekana mpaka kiunoni, na basi lake lilikuwa limejaa kama la siku ya sikukuu. Nilitamani ziwa lipande linichukue. Madamu alimtazama mke wangu, akatazama gauni, akalitazama basi. Aliona. Nakuhakikishia aliona, maana aliweka kalamu zote mbili chini.  Alivua miwani, akaifuta, akaendelea kucheza, na kuanzia hapo akawa mkimya kabisa.

Mama mkwe, ambaye hapendi mgeni anyamaze mezani, akamuuliza, "Madamu, samaki iko namna gani?"

"Mm," akasema madamu.

"Iko na chumvi ya kutosha?"

"Mm-mm."

"Ongeza pilipili?"

Madamu akatikisa kichwa, shavu moja limevimba, macho yamemtoka kidogo. Mama mkwe amelea watoto wengi kando ya ziwa hili na anajua mwiba wa samaki unavyoua. Aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akapita nyuma ya kiti, akampiga madamu kofi la mgongo ambalo lilisikika kwa jirani.

Kifungo cha kijani kikatoka mdomoni, kikaruka juu ya Bujumbura yote, kikatua kwenye ubao karibu na Nyanza-Lac na kuzunguka mpaka kikalala.

 Mama mkwe alikishika, akakigeuza, akasema, "Hii haiko mwiba."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu. Kisha madamu, na alipoanza hakuweza kuacha, akalaza kichwa mezani kando ya bugali, machozi yanamtoka. "Niliona yeye anachukua kwenye nguo," akasema akitafuta pumzi, "nikasema na mimi nitapata wapi? Nikachukua tu kwenye kasha. Sikujua niweke wapi!"

Alipokuwa anaondoka alijitahidi kurudisha uso wa ofisini. "Mzee, pole. Hii mchezo siwezi kupeleka kwa watoto wa shule. Nitaandika kwamba haikufaa."

"Naelewa, madamu."

Akapanda gari, akateremsha kioo. "Lakini unaweza kunitengenezea moja ya nyumbani kwangu?"

Nilikasirika. Watu wakisimulia kisa hiki sasa hufikiri nilicheka, lakini sikucheka, nilikaa siku kadhaa bila kugusa brashi. Nilikuwa nimezeeka kwenye kazi hii, na nafasi kubwa kuliko zote imetoka mdomoni mwa mtu ikaangukia Nyanza-Lac. Nikamwambia mke wangu kwamba sitacheza naye tena. Akasema sawa. Halafu nikashikwa na malaria, ile ya kutetemesha kitanda, na baada ya homa kushuka nikawa sina nguvu hata ya kununa.

Akaja na ubao, akauweka kitandani, akanipa basi langu mkononi. Tulicheza taratibu, mimi nikisinzia kila kituo. Tulipofika Nyanza-Lac nilihesabu abiria wangu na nikaona nimemshinda kwa mbali. Nikahesabu tena. Ndugu msomaji, hata mwenye malaria aliyeitunga kanuni mwenyewe anajua basi lake linaweza kuwa na abiria wangapi.

"Umenipakilia watu," nikamwambia.

"Mimi? Walipanda wenyewe."

"Kwa nini wapande langu?"

"Gari yako iko na pazia nzuri," akasema, akanifunika shuka mpaka kidevuni. "Lala."

Sikulala. Nilibaki nimetazama dari, nikimfikiria mwanamke huyu ambaye kila mara tulipocheza alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu, macho yangu yanaelekea wapi, nitageuka lini, wakati mimi nilikuwa natazama dadu. Niliona haya kidogo, na nilifurahi kidogo, na homa ikapanda tena kwa sababu hiyo au kwa sababu nyingine.

Nilipopona nilifuta vituo vyote vya mizigo iliyosahaulika, nikaandika kanuni mpya moja pembeni ya ubao kwa rangi nyekundu: kupakia abiria wa ziada kunaruhusiwa, ila ukikamatwa unasimama na kuimba, na hukai mpaka wenzako waseme imetosha. Ni hivyo tu. Vijana wa kwaya waliununua siku ile ile. Wenye vibanda vya soda waliununua. Wauza samaki Waislamu wa mtaa wa pili waliununua, wakaniambia mzee wao mmoja ambaye hajaimba tangu ujana wake sasa anaimba kila Jumamosi, tena vibaya. Madamu wa Bujumbura aliagiza wa pili, maana ule wa kwanza niliomtengenezea ulikuwa umebaki na vifungo vichache na hakuna nyumbani kwake aliyekuwa tayari kueleza.

Mwaka jana wavuvi wa Kabonga, kule karibu na mpaka, walinipigia simu kwamba ubao wao umepasuka. Nikasafiri na gundi na rangi. Nilipofungua kasha lao nikakuta vifungo vingi kuliko nilivyowauzia, vya kijani, vya njano, vyeupe vya shati, na kimoja cha koti la askari ambacho sikuuliza kilikotoka. Nikauunga ubao kwa gundi, nikauacha ukauke juani, kisha wakasema mtunzi hawezi kuondoka bila kucheza.

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuiba mchezoni. Sijui ni nini kilinipata siku ile. Pengine upepo. Tulipofika Minago nilijikuna kifundo cha mguu, na nilipoinuka kutoka kwenye soksi nilikuwa na kifungo kati ya vidole viwili, na mvuvi aliyekaa mbele yangu alikuwa ameukamata mkono wangu kabla haujafika mezani.

Niliimba. Nilisimama ufukweni Kabonga, mzee mwenye mvi na soksi moja imeshuka, nikaimba wimbo wa ibada kwa sababu ndio pekee ninaoujua mpaka mwisho, na wavuvi wakasema bado, nikaimba tena, na wanawake waliokuwa wanaanika ndagala wakaja kuona nani anaumizwa.

Nilimpigia mke wangu simu nikiwa bado nahema. Nilitegemea atanihurumia. Alicheka kwanza, muda mrefu, nikamsikia anamweleza mama yake, na mama yake naye akacheka. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyekata tamaa.

"Kwenye soksi, baba watoto? Soksi ndiyo pahali ya kwanza wanatafuta."